Muhula Tuliopimwa Kusoma, Mimi na Kato

Kahawa mbichi inapoanza kukauka hutoa harufu yenye uchachu mtamu na mzito, inayokaa puani hata ukiwa umefika mbali. Nyumbani kwetu Bweranyange, msimu wa mavuno, baba alitandaza matunda mekundu juu ya turubai mbele ya nyumba, na kila asubuhi mimi na pacha wangu tuliyapindua kwa mikono kabla ya kwenda shule. Tulifika darasani vidole vikinata. Tulikuwa darasa la pili. Mimi ndiye Nyangoma, niliyetangulia kuzaliwa, na mwenzangu ni Kato. Kwa kuwa nilimtangulia, mama alinikabidhi Kato tangu mapema: nimshike mkono tukivuka korongo, nimwamulie magomvi, nihakikishe amekula. Hakuna aliyeniambia nimsomee, hilo lilikuja lenyewe. Herufi zilimchanganya Kato, zikamkimbia, nami niliyekaa ubavuni mwake nikawa namnong'oneza sikioni yaliyoandikwa ubaoni. Darasa letu lilijaa watoto hadi chini ya madirisha, na tulisoma kwa kuimba wote pamoja, sauti moja kubwa iliyowameza wasiojua. Mwalimu wetu, Generoza, alikuwa dada kijana asiyepiga watoto. Alisikia darasa zima likisoma, akaamini darasa zima linajua.

Muhula ule Mwalimu Generoza hakuonekana kwa siku kadhaa. Tuliambiwa amekwenda Omurushaka kwenye mafunzo, pamoja na walimu wengine wa madarasa ya chini. Aliporudi alikuwa na bahasha iliyojaa kadi za herufi, akatutangazia kwamba tutapimwa kusoma, kuandika na kuhesabu, mmoja mmoja, na kwamba atakuja mgeni wa kumsaidia kazi hiyo. Kiswahili chetu kilikuwa cha shuleni tu. Nyumbani tulizungumza Kinyambo, na neno kupimwa tulilijua kutoka zahanati. Kupimwa ni kutobolewa kidole. Kufika saa ya kwenda nyumbani, wapo waliokuwa wameapa kwamba damu ya mtoto mzito wa kusoma huwa nyeusi, na watoto wa darasa la nne wakatuthibitishia kwamba atakayeshindwa atarudishwa darasa la kwanza akakae na wadogo. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi sindano sikuiogopa. Nililoogopa ni yale maneno mawili, mmoja mmoja, kwa sababu nilijua kwamba siku hiyo sikio la Kato litakuwa mbali na mdomo wangu.

Habari ilimfikia baba kabla ya mwisho wa wiki. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hakuwa mkali, ndiyo maana alichokisema kilitutisha zaidi. Tulipokuwa tunakula ndizi na maharage alimwambia mama kwamba hatagombana na shule. Mdogo wake aliyehamia Kibingo, kule Kyerwa, alikuwa anatafuta mtoto wa kuchunga mbuzi, na mtoto aliyekataliwa na shule afadhali aende akawe na faida mahali pengine. Hakumtaja mtu. Kato aliacha kula, akabaki akiuzungusha mkono wake pembeni mwa sahani. Sikuwahi kulala hata usiku mmoja bila yeye. Nilijaribu kuiwaza Kibingo, nikaona tu njia ndefu inayopanda na kushuka, na Kato akizidi kuwa mdogo juu yake.

Tangu siku hiyo kila tulipotoka shule nilimpeleka kibanjani, katikati ya migomba ambako mama asingetuona, nikamchorea herufi kwenye udongo kwa kijiti. Alikuwa anaijua a, anaijua o, lakini b na d kwake zilikuwa kitu kimoja kilichogeuka. Nilimweleza, nikamweleza tena, mwishowe nikamfinya. Alilia bila kutoa sauti, nami nikalia kwa sababu analia, kisha tukafuta machozi na herufi zetu na kwenda kukusanya kahawa kabla ya jua kuzama. Kila asubuhi nikawa nauacha uji wangu kikombeni. Mama alidhani ni minyoo, akaninywesha dawa, na nilimwacha adhani hivyo.

Siku yenyewe mgeni alifika mapema, mtu wa makamo mwenye koti la kahawia. Hakuja na sindano. Tulimwamkia shikamoo kwa pamoja, akaitikia na kutuuliza kwa Kinyambo kama tumekunywa uji. Kisha meza ndogo ikatolewa barazani, nyuma ya darasa. Mwalimu Generoza ndiye aliyepima. Mgeni alikaa pembeni akitazama, na mara mojamoja alimwinamia na kumwambia jambo kwa sauti ya chini. Kato aliitwa kabla yangu. Kupitia dirisha niliuona mgongo wake na visigino vyake vilivyoinuka kutoka sakafuni. Nilingoja nimsikie. Nilisikia sauti ya mwalimu tu, mara mbili. Midomo yangu ilikuwa inacheza yenyewe, ikimtafutia maneno ambayo hata sikuyaona. Baadaye alizungumza sana, haraka, lakini sikushika anasema nini. Tulipopishana mlangoni hakunitazama.

Nilipewa karatasi yenye hadithi fupi ya mama aliyekwenda sokoni. Niliisoma kama maji yateremkayo, bila kukwama hata mara moja, na Mwalimu Generoza akatabasamu kwa fahari. Mgeni akamnong'oneza. Mwalimu akaifunika karatasi kwa kiganja chake, akaniuliza, "Nyangoma, huyu mama alinunua nini sokoni?"

Nilikitazama kile kiganja. Nilikuwa nimeyatamka maneno yote, lakini sikubaki na kitu. Nikaanza kuukariri mstari wa kwanza, mwalimu akanizuia kwa upole, akasema nisisome, nimweleze tu. Mgeni akaniuliza kwa Kinyambo nimesoma habari ya nani. Nilisema sijui. Niliona tabasamu la mwalimu wangu likiondoka polepole, na kwa mara ya kwanza katika majuma yale sikumwogopea Kato. Nilijiogopea mwenyewe.

Jioni ile Mwalimu Generoza alikuja kwetu. Tulimwona tangu mbali akipinda kwenye njia ya migomba, tukajibanza nyuma ya jiko. Alimwamkia baba, akakaribishwa kigoda, mama akaleta kahawa. Alieleza kwamba Kato hajui herufi, lakini aliposimuliwa ile hadithi kwa mdomo aliielewa yote na kujibu kila swali, na hesabu alizifanya kichwani bila kugusa vidole. Nyangoma anasoma vizuri kuliko wote, ila hajui anachosoma. Baba akauliza:

"Kwa hiyo, mwalimu, aliyeshindwa ni yupi?"

"Hakuna, Baba Nyangoma. Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Niliwasikia wakiimba nikadhani wanasoma. Niachie wote wawili hadi mwisho wa mwaka."

Baba alikigeuzageuza kikombe chake. "Basi mbuzi wa Kibingo watasubiri," alisema.

Watasubiri, hakusema Kato haendi tena. Maneno yale niliishi nayo miezi iliyobaki. Mwalimu aliligawa darasa: kila siku kabla ya kutoka, Kato aliketi kwenye mkeka karibu na mlango pamoja na wenzake wa kadi za herufi, nami nikawa upande wa pili na wale waliosimuliwa hadithi na kutakiwa kuzisimulia upya kwa maneno yao. Mwanzoni Kato alinitafuta kwa macho. Kisha akaacha kunitafuta, na hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Haba na haba hujaza kibaba. Jumapili moja kabla ya Krismasi, kanisani, baba alimshikia Kato kitabu cha nyimbo na kumwekea kidole chini ya mstari. Waumini walikuwa wameshafika ubeti wa tatu, Kato bado yuko wa kwanza, akitamka silabi moja baada ya nyingine kwa sauti yake peke yake. Baba hakukiondoa kidole mpaka alipomaliza. Habari ya mbuzi haikutajwa tena.

Leo Kato ni fundi umeme Omurushaka, nami ni mwalimu wa darasa la pili huko Kyerwa. Mambo mengi yamebadilika. Wazazi huitwa mapema na kuelezwa upimaji ni nini, na watoto huja mezani wakicheka, wengine wakiomba waitwe mara ya pili. Hakuna anayewaza sindano. Lakini darasa bado limejaa hadi chini ya madirisha, na nikimaliza kumpima wa mwisho najua kila mmoja amekwama wapi: huyu kwenye silabi, yule kwenye hesabu za kutoa, yule mwingine kwenye lugha yenyewe. Utotoni niliogopa mwalimu asije akajua. Sasa mwalimu ni mimi, nami najua, na muhula ni mfupi.