Koko Hukamuliwa Mwisho

Harufu ninayoikumbuka kutoka msimu ule wa mvua kubwa ni ya maziwa mabaya: si yale yaliyochacha kwa kukaa, bali yaliyotoka kiweleni tayari yameharibika, yana mabonge. Yalikuwa ya Koko, ng'ombe wetu mzee, tuliyempa jina hilo kwa kuwa ndivyo watoto wa Kisangani wanavyomwita bibi. Zizi letu lilikuwa pembezoni mwa Mangobo, lenye ng'ombe watatu. Papa alizaliwa Kivu ya Kaskazini, mifugo imo damuni. Mama ni wa Isangi, mtoto wa mto, na kabla ya kuolewa alichojua ni samaki. Papa alimfundisha kukamua, akamwekea sheria moja: mkubwa huanza. Kama mezani mzee anavyonawa kwanza, ndivyo Koko alivyokamuliwa kwanza, kisha wadogo zake Mapendo na Neema, kwa mikono ileile.

Kiwele cha Mapendo nacho kikavimba. Majani waliyokula yalikuwa yaleyale, maji niliyobeba yaleyale, lakini ndoo haikuvuka nusu, na hata hiyo nusu, sehemu yake tuliimwaga. Papa akasema mvua ikikatika kabla maziwa hayajarudi, wagonjwa wote wawili watakwenda kwa bucha. Nililia bila aibu, maana Mapendo nilimlea tangu ndama. Mama hakulia. Alimwita veterineri, daktari wa mifugo, ambaye alitoa dawa na kueleza kwamba ugonjwa ule husafiri kwa mikono ya mkamuaji. Kesho yake mama akaanza na Neema. Papa alisimama mlangoni kama mtu aliyetukanwa.

"Mama Aline, mwenye kuacha mila ni mutumwa!"

"Mila iko ya kwa meza, Papa Aline. Huku, muzima anaanza, mugonjwa anamaliza."

Akanawa kwa sabuni, akamkamua Mapendo, akanawa tena, akaenda kwa Koko. Matiti mabovu aliyakamua mara kwa mara hadi yakabaki matupu, akamwaga maziwa yake mbali, na mateke aliyopigwa anayajua yeye. Majirani walicheka: mvuvi anafundisha ng'ombe! Wala hakugeuka. Mvua haijakatika, Mapendo akajaza ndoo. Titi moja la Koko lilikufa moja kwa moja, lakini bucha hakumpata. Asubuhi moja tulimkuta Papa anakamua mwenyewe, ameanza na Neema.

Leo zizi ni langu. Wenzangu maziwa yakipungua hutafuta ng'ombe wa kuongeza. Mimi hupapasa viwele kwanza, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Papa ametangulia, na mama ndiye mkubwa wa meza yetu. Jumapili iliyopita nilimpelekea beseni la kunawa, kama ilivyo ada. Alikuwa anakohoa. Akalisukuma upande wa wajukuu wake.

"Watoto waanze," akasema. "Leo Koko ni miye."