Siku Niliyonyang'anywa Mke

Juzi nilikuwa nimekaa barazani, kazi ninayoiweza kuliko zote, nikamsikia bibi wa jirani hapa Bombambili akibembeleza kichanga: "Nyamaza, mume wangu." Wivu wa zamani ukanirudia.

Kwetu, mume wa Bibi nilikuwa mimi. Leo najua ulikuwa utani tu wa bibi na mjukuu, lakini wakati ule niliamini kabisa. Mchana mmoja Mama akarudi kutoka kujifungua, nyumba nzima ikanukia poda na uji wa ulezi. Bibi akampakata mdogo wangu.

"Karibu, mume wangu!"

Nilimkagua mpinzani. Shingo ilikuwa haijakaza, macho hayatulii popote, na alichojua ni kunyonya, kulia na kulala.

"Bibi, huyu wa nini? Hata meno hana!"

"Na mimi sina. Tutaendana."

Mara kitenge cha Bibi kikalowa. Nikarukaruka kwa furaha.

"Umeona? Mume gani huyu, kikojozi!"

Bibi akanitazama kwa upole. "Na lile shuka nililoanika asubuhi, la nani?"

Nikachungulia dirishani. Lilikuwa bado linaning'inia kwenye kamba. Ikabidi nimkubali mume mwenzangu.