Chuma Kizito Siku ya Mashuka

Wifi yangu, mke wa kaka, tunamwita Mama Chuma, na jina hilo kalitafuta mwenyewe. Ana miaka arobaini na saba. Mchana tunafanya kazi pamoja panapofuliwa mashuka ya hospitali, yeye kwenye mashine, mimi kwenye pasi. Jioni, badala ya kujilaza kama binadamu wenzake, anakwenda jimu kunyanyua chuma kutoka sakafuni, mara nne kwa wiki.

Nilimcheka sana. Siku moja akaniambia, "Wifi, kule ndiko mahali pekee ambako hakuna anayeniita nimletee kitu."

Mwaka huu kiuno kikaanza kumtesa. Asubuhi alikuwa anashuka kitandani kwa ubavu huku ameshika ukuta, na kaka anamvalisha viatu. Kaka si mtu wa maneno mengi. "Mama watoto," alisema, "kiuno kikikukamata tena, chuma basi."

Mama Chuma akaenda kwa daktari, akapimwa. Mishipa ya fahamu ilikuwa salama, ila misuli imechoka. Akaambiwa maumivu yakishuka mguuni au akihisi ganzi, arudi haraka. Jioni nikamsindikiza kwa mwalimu wao wa jimu, mama mfupi mwenye sauti ya mnadani.

"Chuma kizito unanyanyua siku gani?"

"Jumatatu na Alhamisi."

"Kwa nini hizo?"

"Ndizo siku za mashuka mengi. Nikifika hapa mwili umeshapata moto."

Mwalimu akatikisa kichwa. Nilitamani benchi linimeze, maana kazini sote tungejibu vivyo hivyo.

"Dada yangu, huo si moto, ni uchovu. Mgongo wako unafika hapa umeshamaliza zamu."

Akampangia upya. Kizito mara moja tu, Jumamosi, siku ambayo hatufui. Jumanne chepesi, na aache kabla mgongo haujaanza kupinda. Siku nyingine atembee tu. Na kazini abebe kapu nusu, safari mbili.

Hapo kwenye kapu ndipo penye mfupa. Kwetu kapu la mashuka mabichi hubebwa limejaa pomoni, safari moja, na anayebeba nusu huambiwa amezeeka. Aliyekuwa akiongoza kuwacheka wenzake ni nani? Ni huyu huyu Mama Chuma.

Siku ya kwanza alipotokea na nusu, mmoja akapaza sauti kutoka kwenye kamba za kuanikia, "Jamani, chuma kimepata kutu!" Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Akanipita akifuata nusu ya pili. "Cheka tu, wifi. Shuka likichanika tunaletewa lingine. Mgongo huu ninao mmoja."

Zikapita wiki sita za utani, ukapoa wenyewe. Kiuno nacho kikapoa, si kwa siku moja; kuna asubuhi kiliuma, akapunguza uzito bila kulia. Jumamosi moja kaka akaja jimu kwa mara ya kwanza, akasimama mlangoni kama mgeni msibani.

Mama Chuma akakaza tumbo, akanyanyua kilo tisini, mgongo umenyooka. Mwalimu akapiga makofi. "Mia unayo leo! Tuongeze?"

"Ongeza!" nilipiga kelele. Hiyo mia ameiota miaka mitatu.

Akaweka mkono kiunoni. "Ninayo," akasema. "Lakini kesho nataka kushuka kitandani mwenyewe." Akapiga goti, akaanza kutoa vyuma kimoja kimoja. Machozi yalinitoka, na sioni aibu kusema.

Kaka akanisogelea. "Ndiyo hiyo mia?"

"Hapana. Tisini."

Akamtazama mkewe anavyopanga vyuma ukutani. "Basi hiyo mia akiwa tayari," akasema, "mniambie nije."