Ule Mpira Uliokaa Juu ya Nyasi

Admin, jina langu lifiche, lakini sifa zangu usizifiche. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mitatu, mkulima wa majani chai hapa Kebirigo. Darasa la sita nililiacha katikati, lakini kwa bahati hakuna wa kunifikia Gusii nzima. Bahati yangu hata televisheni iliiona.

Miaka ya tisini nilikuwa nabeba mfuko wa fimbo za gofu mjini Kisii. Tajiri wangu alikuwa Mhindi wa duka la vitambaa, tukimwita Bhai. Wakaja watu wa televisheni na kipindi chao cha ufundi wa gofu: kila wiki wachezaji wanajaribiwa, anayefaulu anaendelea mpaka Nairobi. Bhai alikiota kile kipindi hadi akawa anawapimia wateja vitambaa huku anazungusha kiuno kama anayepiga mpira.

Jaribio la mwisho, mpira wake ukapotelea kwenye nyasi ndefu. Kamera zote ziko kwake, mimi nikakimbia mbele kuutafuta. Jameni! Nikaukuta umekaa juu ya nyasi kama yai juu ya pamba. Bhai akaupiga, ukalala hatua moja kutoka shimoni. Tumepita!

Hapo mpinzani wake akaanza kelele: "Mpira unapigwa ulivyolala! Huyo kijana ameuinua na vidole vya mguu! Nawajua hawa!"

Ni kweli sisi wabeba mifuko tulitembea miguu mitupu, na vidole vyetu vilijua kuokota mpira bila mtu kuinama. Lakini kujua ndiyo kufanya? Mwamuzi akaniuliza, nikakataa. Akasema hakuna aliyeona, matokeo yabaki. Yule jamaa akaendelea tu: "Mwizi! Bhai amekuja na mwizi wake!"

Bhai akavua glavu. "Kijana huyu haongopi," akasema mbele ya kamera. "Ufunguo wa duka langu anao yeye. Kama mtamwita mwizi, mimi sichezi." Akaondoka. Nairobi hakwenda, na fimbo hakushika tena.

Inaniudhi, ndugu zangu! Miaka yote hii nikishuka sokoni Nyakoe kuuza ndizi naitwa "Vidole". Hata kanisani mtu anakusalimia Sabato njema huku macho yake yakiwa kwa viatu vyako.

Sasa Bhai amezeeka, kuinuka kitandani ni kazi. Juzi mwanawe amenipigia simu: "Mzee anaomba uje Jumapili. Tumemcheka sana kwa kuiacha ile nafasi. Anataka utuambie kwa mdomo wako kwamba hukuugusa ule mpira."

Mke wangu anashangaa mbona sijapiga viatu rangi. "Baba Kerubo, si ni neno moja tu? Ama bahati imekuishia?"

Nikienda, niseme nini mbele ya wale watoto? Nisipoenda, mzee atalala akiwaza nini? Nishaurini kabla ya Jumapili, na msinitukane sana, nina presha.

Maana bahati haikuwepo. Niliuinua mimi, na vidole vya mguu wa kulia.