Mlinzi niliyemuunda kuzuia roboti alimfukuza mama yangu mezani

Wakuu, salamu kutoka Birmingham. Leo jua limetoka na mtaa mzima umevaa kaptula kama sherehe.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu. Leo naandika mwenyewe, na nitakayosema yamenikuta mimi, sikusimuliwa. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wahusika wanashinda mitandaoni kuliko hata mimi.

Mimi ni binti, nasoma uhasibu chuoni, nakaa mtaa wa Perry Barr na mama. Kuandika code nimejifundisha mwenyewe, kwa video za bure na kwa kuharibu. (Wale wa PM za "mrembo upo single?" naomba mpite moja kwa moja, huu ni uzi wa game.)

Kitu kimoja mkijue mapema. Nina wasiwasi, na si wa kuigiza. Email ya mistari miwili naisoma mara kumi kabla ya kuituma. Kivuli kilicho chini ya karata kwenye game yangu nilikirekebisha wiki nzima, na hadi leo hakuna mtu aliyewahi kukiona.

Sasa twende.

Mama yangu ni mtu wa Unguja. Yeye na mdogo wake, Mama Mdogo Zuwena, wamecheza karata pamoja tangu wasichana. Mchezo wao ni ule wa watu wanne, wawili kwa wawili, mwenzako anakaa mbele yako, na mnaofikisha pointi sitini na moja ndio mmeshinda. Kwetu tunauita wahedi wa sitini.

Mama alipohamia huku, Zuwena akabaki kule. Mama alijaribu kucheza na wanawake wengine wa hapa, akawa anarudi nyumbani amenuna.

"Namtupia karata ya kumwambia nilichonacho, ananiangalia kama picha ukutani."

Ndipo nikaamua kuujenga mchezo huo mtandaoni. Sikuwa na wazo la kampuni wala umaarufu. Nilitaka hao wawili wakae meza moja tena.

Ilinichukua miezi, lakini siku ya kwanza mama alipoona jina la Zuwena limetokea upande wa pili wa meza kwenye simu yake, alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Wakuu, sijawahi kupata alama chuoni ikanifanya nijisikie vile.

Mama akaurusha mchezo kwenye group la WhatsApp la Wazanzibari wa hapa. Wakaingia wanawake, wakaingia na wanaume wa mtaa wa Castle Vale, kisha watu wa Mombasa na Muscat ambao siwajui kabisa. Nilikuwa nafungua ukurasa wa meza asubuhi kama mtu anayechungulia kuku wake wametaga mangapi.

Halafu wakaja roboti.

Nadhani kila aliyewahi kuweka kitu mtandaoni anawajua. Hawa walikuwa wanajisajili, wanakaa mezani kama wachezaji, wanatupa karata ovyo harakaharaka, kisha kwenye chati wanamwaga linki za kubeti na picha za mabinti. Bibi mmoja aliniuliza kwa heshima zote huyo Jessica anayekuja mezani kila siku ni mkwe mpya wa nani. Mzee mwingine alibofya linki, simu yake ikajaa matangazo ya "simu yako ina virusi", akailaumu karata.

Nikaweka zile picha za kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Chagua picha zote zenye taa za barabarani. Roboti wengine walipita. Aliyekwama ni Mama Mdogo, maana alikuwa anachagua na nguzo pia.

"Nguzo si ndiyo inayoshika taa?" aliniuliza.

Nikazitoa zile picha, nikaamua kuandika mlinzi wangu mwenyewe. Wazo lilikuwa rahisi. Roboti anatupa karata bila kufikiri, binadamu anafikiri. Basi programu iangalie kila mchezaji anachukua muda gani kabla ya kutupa, na akienda mbio mfululizo kwa muda mrefu, nje.

Ili mlinzi ajue binadamu anachezaje, nilihitaji mifano. Nilikuwa nayo tele kutoka siku za majaribio, nilipokuwa nakaa viti vyote vinne peke yangu. Nikamlisha hiyo.

Ikafanya kazi! Roboti wakaanza kufukuzwa mmoja baada ya mwingine, Jessica naye akaondoka, meza zikatulia. Nilitembea barabara ya maduka ya Kings Heath siku hiyo nikijiona kama mimi ndiye niliyeijenga.

Sasa kwenye group kulikuwa na mzee mmoja wa Castle Vale, tumwite Ami Haroub. Yeye na mwenzake, Ba Salama, walikuwa hawajafungwa na mtu wiki kadhaa, na alihakikisha kila mtu anajua. Akatuma sauti:

"Bi Rukia, wewe na mdogo wako tunawataka Jumapili alasiri. Andaa na kitambaa cha kufutia machozi."

Mama akajibu palepale: "Vitambaa vyetu vya kufutia meza, Bwana Haroub. Cha machozi njoo nacho mwenyewe."

Group likawaka. Ukurasa wa watazamaji ulijaa Jumapili ile kuliko siku yoyote. Mimi nilikuwa kwenye sofa na laptop, pembeni yangu rafiki yangu wa chuo, Furaha, Mkongo wa Bukavu. Mama alikaa kiti chake na miwani yake, simu mkononi.

Niwaeleze kitu hapa. Siku za kawaida mama na Zuwena hucheza huku wakisengenya, karata inasubiri mpaka habari iishe. Jumapili ile hakuna aliyesema neno. Walikuwa wanatupa karata pa, pa, pa, huku Ami Haroub akifikiri, kisha tena pa, pa. Walikuwa wanaongoza mbali sana. Nilikuwa nawaangalia nimesahau hata kupumua, kwa raha.

Kisha simu ya mama ikawa nyekundu yote.

UMETOLEWA MEZANI. MFUMO UMEGUNDUA KUWA WEWE SI BINADAMU.

Maneno hayo niliyaandika mimi. Ile rangi nyekundu niliichagua siku nzima.

Mama akaivua miwani, akaivaa tena. "Mwanangu, hapa pameandikwa mimi si binadamu?"

Kule Unguja Zuwena naye alikuwa ametolewa dakika ileile. Na watazamaji wote waliona.

Sauti ya Ami Haroub haikuchelewa. "Haya, mmejionea wenyewe! Nilikuwa najiuliza, watu gani hawa hawafikiri? Kumbe mashine! Na mtoto wake si ndiye fundi wa mashine?"

Wakuu, mama yangu ni yule mwanamke ambaye wenzake wakikosana wanamwita akae katikati aamue. Kuambiwa mwizi wa karata mbele ya watu walewale si utani. Alitoka kwenye group bila kuaga. Zuwena alipopiga, hakupokea. Baadaye akaniambia kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza:

"Mwambie mdogo wangu mimi na karata basi."

Ningeweza kuwarudisha kwa kubonyeza sehemu moja tu. Lakini fikirieni. Mchezo wangu, mama yangu, kitufe changu. Nani angeamini? Ningekuwa nimethibitisha kila neno la Ami Haroub.

Nilikaa chumbani nikataka kufuta kila kitu. Mchezo mzima. Nilikuwa nimeuunda ili ndugu wawili wacheze, na sasa ndio umewatenganisha kuliko bahari yenyewe.

Furaha alinikuta hivyo. Akavuta kiti, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo, ambacho bantu ni watu na mais ni lakini.

"Ile mlinzi yako ilijifunza bantu kwa nani?"

"Kwa mifano ya majaribio."

"Majaribio ya nani?"

"Yangu."

Akaanza kucheka, tena bila huruma. "Weye? Mais weye unafikiriaka mbele ya kununua chips! Minakuonaka pale dukani, watu nyuma yako wanazeeka. Ulichukua weye ndiyo ukaita binadamu?"

Nikafungua data. Alikuwa sahihi. Kabla ya kutupa karata moja mimi huwa nahesabu, nasita, narudi, nahesabu tena. Mlinzi alijifunza kwamba hivyo ndivyo binadamu alivyo. Mtu yeyote anayecheza bila shaka moyoni, kwake alikuwa chuma.

Nililia kidogo, nakiri. Halafu nikaandika maelezo kwenye group, kwa Kiswahili cha kawaida, nikaeleza kosa liko wapi na kwamba ni langu, si la mama wala Zuwena.

Ami Haroub akajibu: "Mwanangu, mambo ya kompyuta sisi hatuyajui. Tutakuja tuone kwa macho."

Mwanzoni nilikasirika. Kisha nikaona ni haki yake.

Mama alikataa. Ilibidi Zuwena anipigie mimi, nimwekee mama simu sikioni kwa nguvu. "Dada, unanuna wewe, nataniwa mimi sokoni! Njoo mezani!" Mama akasema sawa, mara moja tu.

Jumapili iliyofuata wakaja, Ami Haroub na Ba Salama, na boksi la maembe ya Kipakistani mkononi, kwa sababu hata mtu anayekuja kukupekua haji mikono mitupu. Mama, pamoja na hasira zake, aliweka chai na katlesi. Kule Unguja, Ami alimtuma dada yake mwenyewe, Bi Nafisa, akae ubavuni kwa Zuwena.

"Simu moja tu, kaka," tukamsikia Bi Nafisa. "Na sahani ya mbatata. Mashine siioni."

Mimi nilimnyang'anya mlinzi uwezo wa kufukuza, nikamwacha aandike tu anachokiona.

Mchezo ukaanza. Ami alikaa karibu na mama kabisa, anamtazama vidole. Kidole chake mwenyewe hakijatoka kwenye kioo, mama ameshatupa. Nikamwona anakunja uso, kisha anaukunjua. Raundi ya kwanza dada wawili walishinda.

Raundi ya pili mama akapata kiburi. Akatupa ree, karata kubwa kuliko zote, kwa haraka zake zilezile, na Ba Salama akaikata kwa turufu ndogo kabisa. Ami aliruka kutoka kwenye sofa.

"Mashine gani hiyo inatupa ree ovyo namna ile!"

Mama akamgeukia taratibu. "Kwa hiyo sasa nimekuwa binadamu?"

Ami akakaa. Akacheka, lakini kwa aibu.

"Binadamu, Bi Rukia. Binadamu kabisa. Na nimekukosea mbele za watu."

Akachukua simu, na hapohapo sebuleni kwetu akarekodi sauti kwenye group, akasema amekuja, ameona, na maneno yake ya juma lile anayafuta. Hakuna aliyemwomba.

Mimi ndipo nikageuza laptop. "Ami, samahani. Tazama hapa. Mlinzi wa zamani angekuwa kazini leo, wewe ungefukuzwa."

"Mimi? Tangu lini?"

"Tangu ulipopandwa na mori raundi ya pili, ukaanza kutupa mbio kama mama."

Ba Salama alimwaga chai. "Na mkeo nyumbani ajue ameolewa na mashine!"

Raundi ya tatu walichukua mama na Zuwena. Ami alidai maembe ndiyo yaliyomtia uzito.

Mama amerudi kwenye group, na kitu cha kwanza alichoandika kilikuwa sentensi moja: "Mchezo huu kaujenga mwanangu, anayetaka kufundishwa aulize kwa adabu." Nimeipiga picha. Nikikwama kwenye code naifungua.

Mlinzi nimemwandika upya. Safari hii mifano imetoka kwa watu wengi walioniruhusu, wenye haraka na wazito, wazee na watoto, na Furaha anayetupa karata kama anafukuza nzi. Haangalii tena mwendo peke yake. Anaangalia linki, na anaangalia nani anamkata mwenzake kwa turufu bila haya, maana hilo roboti hufanya kila mara, na hakuna mtu wa kwetu anayelifanya akabaki na marafiki.

Siku ya kumweka hewani nilikuwa na orodha ndefu ya vitu vya kukagua tena. Mama alikuwa anasubiri meza. Nikabonyeza hivyohivyo.

Nilichojifunza ni hiki. Nilichukua hofu yangu nikaifanya kipimo cha watu wote, na sikujua kama nimefanya hivyo, kwa sababu kwangu hofu ilionekana kama umakini. Kama unajifundisha peke yako kama mimi, tafuta mtu wa kukucheka mapema. Code yangu bado ina makosa, na kwa mara ya kwanza nawaambieni bila kuona haya: ni nzuri, na nimeijenga mimi.

Nawaachia uwanja. Wenye game, tovuti au hata group tu, nyie roboti mnawazuia vipi bila kumvunjia heshima mama wa mtu?