Nilivyozisifu Seli Zinazoua

Watu wanaojiita madaktari na hawana hata bandeji mfukoni nimewadharau tangu utotoni, na sijaona sababu ya kuacha. Yule wa siku ile alifika kijijini kwetu Songambele Jumapili, kwa bodaboda kutoka Kayanga. Alivaa koti jeupe juu ya suruali iliyojaa vumbi jekundu hadi magotini. Alisubiri ibada iishe, akasubiri na mnada wa sadaka nje ya kanisa uishe, hadi mikungu ya ndizi na jogoo wawili walipopata wanunuzi. Kisha akasimama kwenye ngazi ya kanisa, akafungua begi lililojaa makopo ya unga wa kijani.

Aliamkia wazee kwa shikamoo ndefu, ya mtu anayetaka kitu. Akasema kwenye damu ya kila mmoja wetu kuna seli zinazoua, walinzi wa asili tuliozaliwa nao, ila kwa wengi zimelala, na unga wake unaziamsha. Jina la seli hizo alilitaja kwa Kiingereza mara tatu, kila mara kwa namna yake. Watu waliitikia kwa vichwa. Watu wetu wakisikia Kiingereza kibovu huitikia kwa vichwa, na kikiwa kizuri hushuku.

Mimi nafundisha baiolojia sekondari. Dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa amekaa na akina mama kwenye benchi mbele yangu. Wakati ule alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu, wa ukubwa wa punje ya kahawa, na hakuwa amemwambia mtu yeyote. Nililijua hilo baadaye sana. Nalisema sasa ili msomaji asije akacheka kupita kiasi kwa yanayofuata.

Ningeweza kwenda zangu nyumbani kula. Lakini mpumbavu akisimama juu ya ngazi, miguu yangu hunipeleka yenyewe. Nilipanda nikasimama kando yake, nikawaambia watu kwamba seli hizo zipo kweli, ila hazilali, na haziamshwi kwa majani yaliyotwangwa.

Nikamfanya dada yangu kuwa mfano. Kila mtu pale alijua jinsi alivyokuwa akikilinda kibanja chake cha migomba dhidi ya unyanjano, ule ugonjwa unaogeuza majani ya mgomba kuwa ya njano na kuozesha ndizi ndani ya ganda. Kila asubuhi alipita mgomba kwa mgomba. Maua ya mwisho wa mkungu aliyavunja kwa mti wenye panda, maana kisu hubeba ugonjwa. Mgomba mzima aliuacha, mgonjwa aliuangusha siku ileile, na panga alilipitisha motoni kabla halijagusa mgomba mwingine.

"Basi na damuni ni hivyo," nikasema. Kila seli nzima ya mwili imebandika juu yake alama ya kusema mimi ni wa nyumba hii. Seli iliyoingiliwa na virusi, au iliyoanza kuwa saratani, mara nyingi huificha alama hiyo, na huku inatokeza dalili nyingine za mateso. Seli inayoua hupita ikigusa kila inayokutana nayo. Hupima alama za kuiacha na dalili za kuiua. Dalili zikizidi, huibana ukuta kwa ukuta, hutoa protini za kutoboa, na kupitia matundu hayo huingiza nyingine zinazoiamrisha seli ijiue yenyewe, kwa utaratibu, bila kumwaga uchafu kwa jirani.

Nilisema vizuri. Hilo siwezi kulikana, na ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Dada yangu akainua mkono. Mbele za watu hakuniita kwa jina. Aliniita mwalimu, kwa fahari.

"Mwalimu, na saratani nayo zinaiua?"

"Saratani pia," nikajibu. "Kila siku, kabla hata hujajua kama ilianza."

Wakapiga makofi. Nikashuka.

Yule mwenye koti hakuwa mjinga kama nilivyomdhania. Alingoja makofi yatulie, akasema, "Mmesikia wenyewe. Mwalimu wenu amethibitisha." Makopo yakaisha. Waliyanunua walewale walionipigia makofi, akiwemo mzee mmoja wa kanisa ambaye mtoto wake nilimfundisha somo hilohilo akapata sifuri. Nilikwenda nyumbani nikiwacheka njia nzima.

Kulikuwa na nusu ya pili ya somo. Ipo kwenye daftari langu, ukurasa unaofuata, na naijua bila kufungua. Saratani iliyokua mpaka mkono ukaihisi ndiyo hasa ile iliyozishinda seli hizo. Nyingine huibakiza alama ya nyumbani, au huzipukutisha dalili za mateso, nyingine huzilegeza seli zinazoua kila zinaposogea karibu. Uvimbe unaoshikika ni taarifa kwamba walinzi wamepitwa, na mtu aende hospitali. Sikuyasema hayo. Makofi yalikuwa yameshapigwa, na aliyepigiwa makofi hapendi kuongeza lakini.

Miezi ilipita. Siku moja nililiona kopo la kijani jikoni kwa dada, kando ya chumvi.

"Na wewe umeuziwa mbuzi kwenye gunia?" nikamuuliza.

Akacheka. "Kidogo tu, waitu, ndugu yangu. Nazisaidia zipate nguvu."

Sikumuuliza zipate nguvu za kufanya nini. Nilimkejeli mpaka chakula kikaiva, nikala, nikaaga.

Aliponionyesha hatimaye, titi lilikuwa limeingia ndani upande mmoja na kwapani kulikuwa na tezi tatu. Tulikwenda hospitali ya wilaya, wakatupeleka Bukoba, Bukoba wakatupeleka Mwanza. Ndani ya basi ndipo aliponieleza hesabu yake. Kwetu mgomba mgonjwa hauitiwi bwana shamba. Mwenye kibanja huung'oa mwenyewe kimyakimya, na anayekimbilia kwa mtu wa ofisini majirani humwita mvivu. Mwalimu alisema mwili una wang'oaji wake. Basi aliwaachia kazi yao, akawa anawapelekea unga kila asubuhi kama anavyowapelekea vibarua uji. Nilitaka kuidharau akili hiyo kama nilivyozoea, nikaona ni mimi niliyeifundisha.

Mwanza alilazwa, na daktari akatuambia ugonjwa umefika kwenye ini. Alipotoka, dada aliitazama mikono yake.

"Sasa zile seli zangu zilikuwa wapi?" akauliza.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamfundisha nusu iliyobaki. Nilitumia sauti ya darasani, kwa kuwa sina nyingine. Nikamweleza alama inavyobakizwa, dalili zinavyopukutishwa, walinzi wanavyolegezwa. Alisikiliza kwa utulivu kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha, na mahali pamoja alinirudisha nyuma nirudie.

Nilipomaliza akaniuliza, "Siku ile pale kanisani, hili ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua."

Aliomba maji, nikampa, akanywa. Kisha alitaka kugeukia ukutani na mwili ukamshinda. Mimi nilikuwa hapohapo, magoti yangu yanagusa godoro lake. Akamwita mama wa kitanda cha pili, mgonjwa mwenzake aliyekuwa na dripu mkononi, akamwomba aje amgeuze.