Mluzi Unakaa Wapi

Alikuwapo mwanamke aliyejua vinywa vya nusu ya mji, lakini mwenye kinywa akipita barabarani hamjui. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Karakana yake ilikuwa chumba cha chini nyuma ya zahanati ya meno, na dirisha lake moja lilitazama miguu ya wapita njia. Wagonjwa walionana na daktari, ghorofani. Yeye aliletewa kalibu za vinywa vyao tu, akamimina plasta, akasubiri igande, akapata ufizi mweupe mgumu kama jiwe, akauandika namba na kuupanga rafuni. Walikuwa mia tatu na ushei mle rafuni, wote wamekenua na hakuna anayecheka. Daktari alimwita Fundi, na jina likamganda. Hata dada yake nyumbani alimwita hivyo akimkasirikia.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mikono mitulivu, na maneno machache. Siku moja daktari alimuuliza, “Fundi, ukiwa huna kazi huwa unafanya nini?”

Akafikiri kwa makini, maana alipenda kujibu sawasawa. “Huwa nasubiri kazi,” akasema.

Daktari alicheka mpaka akapaliwa. Fundi hakuona kichekesho kilipo.

Alikaa na dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu ambaye siku zilikuwa hazimtoshi: anafuma, anaotesha maua kwenye makopo, anaimba kwaya, anajaza chemshabongo za gazeti kwa kalamu ya wino bila kufuta. Aliwahi kumfundisha mdogo wake kufuma. Kitambaa kimoja kikachukua miaka miwili, kikatoka na pembe tano. “Dada, mikono yangu inashinda kazini,” Fundi alijitetea. “Ikifika nyumbani inataka kulala.”

Basi Jumatatu moja asubuhi mlango wa karakana ukagongwa. Alikuwa mzee mwembamba, kofia mkononi, amesimama kwenye ngazi kama mtu aliyetumwa.

“Hodi hapa.”

“Karibu, mzee. Lakini daktari yuko juu.”

“Huko juu ndiko nilikotoka. Ameniambia meno yamekaa vizuri, hayana kosa. Na kweli hayana kosa, mahindi ya kuchoma natafuna. Lakini nimekuja kuyarudisha.”

Fundi akaweka tupa chini. “Yana nini?”

“Hayapigi mluzi.”

Mzee akaketi kwenye kigoda akaeleza. Alikuwa amegawa barua kwa baiskeli miaka thelathini na minne, na mluzi wake ulimtangulia. Watu walijua barua imefika kabla hajagonga mlango. Alipostaafu aliuhamishia nyumbani. “Mke wangu yuko jikoni, mimi napalilia nyanya uani, napiga mluzi. Anajua mzee yupo na roho yake ni nyeupe. Sasa huu mwezi wa pili nimenyamaza. Kila jioni ananiuliza, ‘Nimekukosea nini, baba watoto?’ Namwambia si wewe, ni meno. Haniamini hata kidogo.”

Fundi alitaka kucheka, akajikaza. “Hebu fungua.” Mzee akafungua, na Fundi akamtambua papo hapo. “Kumbe wewe ndiye mia mbili na kumi na nne! Kaakaa lako limeinuka kama kuba.”

“Nimesifiwa mengi,” mzee akasema, “lakini kaakaa, leo ndiyo mara ya kwanza.”

“Piga nisikie.”

Mzee akatabasamu kidogo, akapuliza. Ukatoka upepo mtupu, kama tairi lililochomwa na mwiba. Fundi akafungua kinywa amwambie kosa liko wapi, akakuta halijui. Alijua jino linavyouma, linavyosaga, linavyotamka. Mluzi hakuwahi kuupiga tangu azaliwe.

“Mzee, mluzi unakaa wapi? Mdomoni, kwenye meno, au kwenye ulimi?”

“Miaka yote hiyo sijajiuliza. Fundi ni wewe.”

“Basi nipe siku chache.”

Mzee alipoondoka, Fundi aliufunga mlango, akashika kioo kidogo cha kazi, akabinua midomo na kupuliza. Kioo kikajaa ukungu. Akajaribu tena, na tena, mpaka kichwa kikawa chepesi na ikambidi ashike meza. Nyumbani aliendelea bafuni.

“Nani anapuliza moto humo ndani?” dada yake akauliza kutoka ukumbini.

“Ni mimi. Najaribu mluzi.”

Dada akasogea mlangoni. “Mtu mzima na heshima zako, unataka kupiga mluzi kama mchunga mbuzi?”

“Nataka kujua tu unatoka wapi.”

“Unatoka kwa wasio na kazi. Haya toka, na mimi nataka kuoga.”

Kesho yake akaanza kuulizia. Mshona viatu wa kwenye kona alipiga kwa midomo, ameibana kama anabusu shavu la mtoto. Muuza maziwa alitia vidole viwili, akatoa sauti iliyowaamsha mbwa wa mtaa mzima. Karani wa mapokezi aliupitisha kwenye mwanya wake. Kila mmoja Fundi alimwomba afungue kinywa, na kila mmoja alifungua, maana ni nani atakayemkatalia mtu wa meno? Akachora kwenye daftari midomo iko vipi, taya limeshuka kiasi gani. Kwa ulimi palikuwa na shida: ulimi hauonekani ukiwa kazini.

Aliyemfumbua macho ni mama wa usafi, ambaye kwa miaka saba hakuwahi kusemezana naye zaidi ya habari za asubuhi. Siku hiyo aliegemeza fagio ukutani, akatabasamu kidogo tu, na mluzi ukajaa karakana, wimbo mzima na mapambo yake. Midomo haikutikisika.

“Unafanyaje?” Fundi akauliza, amesogea mpaka pua zinakaribia kugusana.

“Ulimi naubandika juu, kwenye kaakaa, naacha kanjia katikati. Nilijifunza darasani, ili mwalimu asijue ni nani.”

Fundi akakumbuka mzee alivyopuliza. Naye alikuwa anatabasamu! Mluzi wake haukuwa wa midomo kamwe.

Mzee aliporudi Ijumaa, alikuta amewekewa poda ya watoto mezani. Fundi alikausha meno yake ya bandia, akanyunyiza poda upande wa ndani, kwenye lile bamba la waridi linalofunika kaakaa, akamwambia, “Yavae taratibu, puliza mara moja, kisha nipe.” Mara ya kwanza mzee alipiga chafya, poda yote ikahamia kwenye miwani ya Fundi. Mara ya pili alipuliza vizuri. Fundi akapeleka bamba dirishani, na pale mambo yakawa wazi kama maandishi ubaoni: popote ulimi ulipogusa, poda ilikuwa imefutika. Nayo ilifutika pande zote mbili na katikati pia. Kanjia hakakuwapo. Bamba lilikuwa nene nyuma ya meno ya mbele, ulimi umekosa nafasi, umeziba mlango.

“Tazama, mzee! Nimekujengea ukuta mlangoni.”

Akawasha mashine, akapunguza kiasi cha unene wa unywele, akachimba kibonde kidogo, akalainisha kwa msasa. Wakajaribu. Upepo. Akapunguza tena. Safari hii ikatoka sauti, nyembamba na yenye mikwaruzo, ikayumba, ikasimama. Mzee akatulia kama aliyeitwa jina. Kisha akapiga beti moja, polepole, akipapasa njia.

“Ile sauti ya juu kabisa imegoma,” akasema mwishowe.

“Nipunguze kidogo tena?”

“Hapana, utatoboa. Hiyo ya juu nilikuwa najigamba nayo tu.”

Akaaga. Baada ya kitambo Fundi aliona viatu vyake vikipita dirishani, na mluzi ukipita navyo.

Kazi ilikuwa imekwisha, na daftari lingeweza kufungwa. Lakini Fundi alikuwa bado hana mluzi, na sasa jambo hilo lilimkera kama uzi kwenye jino. Akachukua kalibu ya kinywa chake mwenyewe. Plasta ilipoganda aliigeuzageuza mkononi kwa mshangao: kinywa chembamba kuliko alivyodhani, na tuta moja la kaakaa limepinda. Akajitengenezea bamba jembamba lisilo na meno, akalipaka poda, akapuliza. Ulimi wake ulikuwa unakimbilia mbele, unasukuma meno. Akaurudisha nyuma. Poda ikamwambia bado. Akaurudisha tena.

Wiki ya tatu, Alhamisi mchana, bamba likiwa kabatini, alikuwa anapuliza vumbi la plasta mezani. Pii! Fundi akageuka kuona nani ameingia. Hakuna mtu. Akasimama wima, akautafuta tena ule mkao wa ulimi kwa dakika kumi nzima bila kuupata. Alipoupata hakuuachia: sauti moja, fupi kama ya kifaranga, mara ishirini au zaidi. Mama wa usafi alichungulia mlangoni, akampigia makofi.

Sauti moja ikawa mbili, zikawa tano. Nyumbani dada alilalamika siku nne. Siku ya tano, akiwa kwenye chemshabongo yake, akashindwa kuvumilia. “Umeshuka, Fundi! Hiyo ya tatu ipandishe!”

“Kiasi gani?”

Dada akaimba ile sauti, kalamu ikiwa hewani. Fundi akaifuata. Toka hapo Jumapili baada ya chakula ikawa hivyo: mmoja anaimba, mwenzake anapiga mluzi, vyombo vinawasubiri.

Kisha likaja swali jingine, nalo hakuulizwa na mtu. Kwa nini mluzi wa bafuni ni mnene, na wa sebuleni, penye mapazia, unakufa mbele ya pua? Akaanza kutembea Jumamosi mchana kusikiliza mahali: kivuko cha chini ya barabara, tangi tupu la maji, ukumbi wa stendi. Kila pahali akaandika.

Jumamosi moja alifika kwenye jengo jipya la ghorofa, na mlinzi akamzuia mlangoni.

“Mama, unamtafuta nani?”

“Simtafuti mtu, baba. Nimekuja kusikiliza ngazi zenu.”

Akapiga sauti mbili kumwonyesha, nazo zikapanda juu zikizunguka. Mlinzi akainua uso kuzifuata.

“Ghorofa ya tatu ndiyo inavuma zaidi,” akasema, akimsogezea mlango. “Lakini usishike ukuta, rangi mbichi.”